Jiwe la kilimani: gumzo la kikundi cha ukoo, Tanga

Jumapili, saa 12:40 jioni

Idi: Asalaam aleykum ndugu zangu. Nimelipata! Kwenye kilima kile tunachokiona tukiwa shambani kwa Bibi, njia ya Maramba.
[picha 3]

Shangazi Mwanahamisi: Waaleykum salaam mwanangu. Umepata nini? Mimi naona saruji na majani tu.

Idi: Shikamoo shangazi. Hiyo ni bikoni, nguzo ya alama ya wapima ramani wa zamani. Siyo bikoni ya kiwanja. Hizi zilijengwa vileleni makusudi, ukisimama kwenye moja uione ya kilima cha pili na cha tatu.

Shangazi Mwanahamisi: Marahaba baba. Sasa kuonana kwa vilima kunapimaje nchi?

Idi: Walikuwa wanapima urefu wa upande mmoja tu wa pembetatu, taratibu sana, kwa uangalifu mkubwa. Halafu kila kilele wanapima pembe. Pande zilizobaki zinatoka kwa hesabu. Pembetatu inazaa pembetatu, hivyo hivyo mpaka nchi nzima imeingia kwenye ramani bila mtu kuburura mnyororo wa kupimia porini kote. Mimi nikifikiria hilo nimesimama pale juu, mwili unasisimka.

Bakari: Kaka si ulienda wiki iliyopita ukarudi patupu?

Idi: Namba za kuonyesha mahali zilinipoteza. Ramani ile ya 1:50,000 imechorwa kwa mfumo wa vipimo wa zamani, Arc 1960, simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS84. Ukiziingiza namba za ramani kwenye simu kama zilivyo, inakupeleka karibu mita 300 kaskazini ya penyewe. Nilizunguka kwenye upupu tangu asubuhi hadi adhuhuri. Leo nimezibadilisha kwanza, nikaenda moja kwa moja. Anayetaka kuanza kuzitafuta bikoni hizi akumbuke hilo kabla ya kiatu na maji. Kwenye ramani tafuta pembetatu yenye nukta katikati, ndiyo alama yake.

Bakari: Picha ya tatu, hilo shimo kando ni la nini?

Idi: Hapo ndipo roho iliponiuma. Wamechimba.

Jumaa: Wanatafuta mali ya Mjerumani. Wazee wanasema alipokimbia vita alifukia rupia akaweka alama za mawe.

Idi: Jumaa ndugu yangu, nisikilize vizuri. Wapima walikuwa na desturi ya kuweka alama mbili, ya juu na nyingine ardhini chini yake, ili ya juu ikivunjika mahali pasipotee. Mchimbaji akigonga zege na chuma kule chini anajua sanduku liko karibu, anazidisha sururu. Kumbe anang'oa ile ya akiba. Na ikishang'oka, hata uirudishe kwa saruji mpya, imekufa. Thamani yake yote ni pale ilipokaa.

Idi: Tena ni kosa kisheria. Kesho napeleka picha ofisi ya ardhi wilayani.

Jumaa: Hilo la alama ya chini sikulijua kabisa.

Zainabu: Nimemwonyesha Babu picha. Anasema hilo jiwe si la Mjerumani, ni la Mwingereza, yeye alikuwa bado chuoni kwa mwalimu anasoma juzuu. Walikuja wakapiga mahema chini ya kilima, watoto wakawa wanapandisha maji juu. Usiku ilikuwa inawashwa taa kileleni.

Shangazi Mwanahamisi: Miaka yote hii baba hajawahi kutuambia!

Zainabu: Anasema hakuna aliyemuuliza.

Idi: Allahu akbar. Taa ndiyo hiyo, zilikuwa zinalengwa usiku kutoka kilele cha mbali ili kupima pembe! Zainabu, muulize tafadhali, waliona taa nyingine popote?

Zainabu: Ngoja anakunywa uji.

Jumaa: Waliochimba nadhani nawafahamu. Nitakwenda kuongea nao.

Idi: Usiwagombeze. Waambie kuna nini chini, na waonyeshe picha.

Zainabu: Babu anasema ndiyo, waliiona. Upande wa machweo, kule milimani, ndogo kama kimulimuli lakini haitikisiki. Anauliza kama bado kuna jiwe huko pia.

Idi: Kwenye ramani kuna pembetatu upande huo huo. Mwambie Babu naondoka Jumamosi baada ya swala ya alfajiri.

Bakari: Pikipiki ninayo mimi. Twende wote.