Mjiolojia mpenda milima: nikubali kazi ya kambini?

Binti_wa_Miamba: Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 28, ni mjiolojia kwenye mgodi wa dhahabu Kanda ya Ziwa. Rosta yetu ni wiki mbili kazini, wiki mbili nyumbani, na hizo za nyumbani ndizo zimenifikisha Meru na Kilimanjaro. Kule Kibo nilichuchumaa kwenye jiwe lenye fuwele zenye umbo la uru wa karata, zimejaa tele ndani ya lava. Wenzangu wakanipita, mpaka mgumu mmoja, yaani mpagazi, akarudi kuniuliza kama kichwa kinaniuma. Nikamwonyesha. Akasema amelikanyaga jiwe lile miaka yote bila kuziona.

Sasa nimepata ofa ya utafutaji madini, mshahara mara moja na nusu, ila ni kukaa kambini kwenye drili, mashine ya kutoboa miamba, Juni hadi Oktoba mfululizo. Na Julai kikundi chetu kinakwenda Rwenzori. Mama anasema nifuate pesa, milima haihami. Nifanyeje?

Mzee_wa_Drili: Mdogo wangu, kambi nazijua, miaka 11 sasa. Kiangazi kila mwenye drili anakigombania maana masika magari yanakwama, na wapanda milima nao wanakitaka hichohicho. Julai hupewi ruhusa. Lakini Januari na Februari Kilimanjaro kunakuwa kukavu, na Rwenzori mvua hupungua kuanzia Desemba. Omba likizo ya miezi hiyo iandikwe kwenye mkataba kabla hujasaini. Mimi niliahidiwa kwa mdomo, msimamizi akahamishwa, nikakosa safari niliyokwisha kuilipia.

Majivu_ya_Lengai: Mimi ningetafuta kazi iliyo mlimani kwenyewe. Ol Doinyo Lengai, mita 2,962, ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kaboneti ya sodiamu: nyuzi joto 500 hadi 600, wakati ile ya kawaida ya basalti hupita 1,000. Inatoka nyeusi, ikinyonya unyevu inageuka nyeupe. Hapo shahada ya uzamili ipo, dada. Noel Odell alikwenda Everest 1924 kama mjiolojia. Tarehe 8 Juni alikuwa anapanda peke yake huku akichunguza miamba, ndipo akawaona wenzake Mallory na Irvine kwa mara ya mwisho kabla hawajapotea wakielekea kileleni. Ila ndani ya hifadhi usiokote hata kokoto bila kibali.

Mgumu_wa_Marangu: Dada, kazi yoyote utakayochagua, usitoke kambini moja kwa moja ukaenda Margherita, kilele cha juu cha Rwenzori, mita 5,109. Kutembea porini na nyundo kunakomaza miguu tu, mwili bado haujazoea hewa nyepesi. Ongeza siku moja ya kulala katikati. Kichwa kikiuma na ukaanza kutapika, shuka, hata kama kilele unakiona.

Binti_wa_Miamba: Asanteni sana. Mzee_wa_Drili, nimewaandikia leo, nimeomba Januari 15 hadi mwisho wa Februari iingie kwenye mkataba. Wakikataa, nabaki na rosta yangu. Wakikubali, kikundi kitakwenda Julai bila mimi. Kamba yangu nimeshawaambia waichukue.