Kambi ya afya kwenye mkutano wa injili: watu wahubiriwe kwanza au wapimwe kwanza?

Mwanakwaya wa Mbagala:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wakuu wengine wote habari zenu. Naombeni ushauri maana kikao cha kamati ni jumamosi na naona kabisa tunaenda kugombana. Kanisani kwetu huku Mbagala mwezi ujao tuna mkutano wa injili siku tano na tumeamua tuweke na kambi ya afya, presha, sukari, macho, madaktari wawili na manesi sita wote washarika wanajitolea. Shida ni ratiba. Wainjilisti wanataka mtu akishachukua namba akae kwanza asikilize neno ndo aanze kuitwa, wanasema tukiwapima kwanza wakishapata miwani wanasepa, uwanjani wanabaki wanakwaya na watoto.

Mwaka jana tulifanya hivyo hivyo, mimi nilikuwa meza ya usajili. Kuna bi mkubwa mmoja kashika kikadi namba 41, kakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai tangu saa nane, mahubiri yanaisha saa kumi na nusu, kufika kwa nesi mashine inasoma 210 kwa 120, nesi akahamia mkono mwingine, ile ile. Tukamkimbiza hospitali na bajaji. Mungu mkubwa alipona, ila muda wote ule alikuwa amekaa hatua kumi kutoka kwenye kipimo na mimi ndo niliyempa namba. Mwinjilisti anasema Luka 9:2 imeanza na kutangaza ufalme ndo ikaja kupoza wagonjwa, kwamba mpangilio ni wa Bwana mwenyewe. Mimi theolojia sijasoma, nyie mnasemaje?

Nesi Mstaafu:
Mwanangu pole. Mimi nimesomea unesi hospitali ya misheni huko kusini na nimefanya kazi wodini miaka mingi kabla sijahamia Dar. Sala ilikuwepo kila asubuhi, wimbo mmoja, neno fupi, dakika kumi basi tunaanza kugawa dawa. Akiletwa mama mjamzito anatoka damu katikati ya wimbo, wimbo unakatika hapo hapo, na sister wa wodi ndo wa kwanza kukimbia. Hakuna aliyesema tumemkosea Mungu. Wagonjwa walikuwa wanatuona tunawafunga vidonda vinavyonuka, wengine wenyewe ndo wanakuuliza jioni, hivi nyie mnaabuduje.

Halafu huko kusini wazee walikuwa wanamsimulia sana Dk. Leader Stirling, yule Mwingereza aliyekuja 1935 kama daktari wa misheni, akaanzia Lulindi kule Masasi, baadaye Mnero, mpaka akaja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania 1975 hadi 1980. Alikuja kwa ajili ya injili lakini kinachosimuliwa ni watu aliowapasua wakapona. Na bi mkubwa mwenye presha ya hivyo hatakiwi hata kupanga foleni, weka nesi mmoja pale getini awachungulie wanaoingia.

Mtumishi_Tabata:
Nampa heshima mama nesi lakini naomba nisimamie upande wa wainjilisti kidogo maana naona wataonewa hapa. Angalieni hospitali za KCMC kule Moshi na Bugando kule Mwanza, zote zilifunguliwa 1971, zote kazi ya makanisa, na zile hospitali teule za wilaya nyingi ni za misheni. Nyingine leo ukiingia, kinachokukumbusha kanisa ni jina la mtakatifu getini. Huduma nzuri sawa, ila tulitumwa na vitu viwili. Ukitenga dawa na neno mwisho unabaki kama enjiio tu, na enjiio zipo nyingi mjini.

Mzee wa Tandale:
Mtumishi hiyo ya kutenga ina upande wa pili hujaugusa. Mnakumbuka 2011 Loliondo, kijiji cha Samunge, kikombe cha dawa ya mitishamba cha Babu shilingi 500, Babu mwenyewe mchungaji mstaafu wa Kilutheri, magari yamepanga foleni kilomita na kilomita, kuna waliotoa wagonjwa wodini kuwapeleka, kuna walioacha na ARV, dawa za ukimwi. Mimi shangazi yangu mwenyewe, sio Loliondo hiyo, ni hapa hapa Dar, kanisa silitaji, aliombewa akaambiwa umepona sukari, karudi nyumbani dawa zote chooni. Miezi minne mbele mguu ukakatwa. Maombi sina ugomvi nayo hata Yakobo kasema waiteni wazee wampake mafuta, ila kwenye lile jukwaa hakusimama daktari hata mmoja wa kumwambia mama endelea na vidonge vyako. Kwa hiyo mwanakwaya nyie kuwa na manesi na wahubiri kiwanja kimoja mko mbele sana, msiharibu tu kwa ratiba.

Fundi_Biblia:
Kuhusu huo mpangilio wa Luka 9:2, mwambieni mwinjilisti asome na Yohana 5. Yule mtu wa Bethzatha kaumwa miaka 38, Yesu hakumhubiria hata sentensi, kamuuliza tu wataka kuwa mzima, kamponya, kaondoka zake, hata jina hakumwachia. Baadaye ndo kamkuta hekaluni akaongea naye. Na wale wakoma kumi, tisa walisepa na hakuwarudishia ukoma. Halafu aliyeandika hiyo Luka 9 wanasema ni tabibu, sidhani kama angempanga foleni mtu wa 210.

Jirani wa Kiwanja:
Mimi ni muislamu naishi nyuma ya kiwanja kama hicho (sio chenu nadhani), mahubiri nayasikia kitandani kwangu nimeshazoea. Kuna kambi moja nilimpeleka mama kupima macho, fomu ina sehemu ya dini na chini yake imeandikwa umeokoka, ndiyo au hapana. Mama hajui kusoma akaniuliza hapo wanataka nini. Nikamwambia wanataka umri. Alipata miwani na anaivaa mpaka leo, ila mimi nilijisikia vibaya kumdanganya mama yangu kwa ajili ya miwani. Mkitaka kuhubiri hubirini, spika mnazo.

Mwanakwaya wa Mbagala:
Asanteni wote. @Jirani wa Kiwanja nimeenda kufukua fomu zetu za mwaka jana, na sisi tunayo hiyo sehemu, tena niliichapa mimi mwenyewe. Nimeshaifuta. Jumamosi napeleka pendekezo turubai la vipimo lianze saa mbili asubuhi na mkutano uanze saa tisa kama kawaida, anayetaka kubaki abaki, na nesi wa getini mama nimemwandika. Mtumishi_Tabata hoja yako ntaisema pia, nimemwomba mchungaji awepo turubaini bila maiki, akae tu na watu. Kasema atakuja ila naye apimwe presha, anasema hajapima tangu korona.