QPFRADJ: niiachie mashine ijipangie memori au nipange kwa mkono?

Uyole_i: Wakuu, salamu kutoka Mbeya. Tuna seva moja ya Power inayotumia mfumo wa IBM i, memori GB 32. Mchana watu wako kwenye skrini za 5250 (skrini za maandishi za IBM i) wakiingiza kilo za chai ya Rungwe, usiku zinapita kazi za bechi (zinazojiendesha bila mtu kwenye skrini) za malipo ya wakulima. QPFRADJ (thamani ya mfumo inayoruhusu mashine ijipangie memori) iko 2, yaani inajipanga ikiwaka na ikiwa kazini. Kila siku saa 2 asubuhi skrini zinakuwa nzito kama robo saa, kisha zinakaa sawa zenyewe. Nikiiweka 0 nitapona?

Kihesa400: Usiizime kwanza, mkuu. Usiku *INTERACT (puli, yaani fungu la memori, la kazi za skrini) haina watu, kwa hiyo mfumo unaichota memori yake na kuipeleka *BASE (puli ya jumla) kunakokimbia bechi. Kukicha hairudi kwa mkupuo. Inahamishwa kidogo kidogo kila mfumo unapopima, na robo saa yako inaishia hapo. Iwekee *INTERACT kiwango cha chini:

CHGSHRPOOL POOL(*INTERACT) MINPCT(30)

Asilimia hiyo ni ya memori yote, yaani kwako ni kama GB 9.6. Viwango vyote vinaonekana kwenye WRKSHRPOOL ukibonyeza F11. *MACHINE (puli ya mfumo wenyewe) usiibane hata kidogo, ikikosa memori wote mtaumia.

Njombe_Power: Naongezea: bechi zinakimbia kwenye sabsistimu (eneo la kuendeshea kazi) ya QBATCH; zitoe kwenye *BASE kabisa. Ipe *SHRPOOL1 (puli nyingine ya pamoja) ukubwa na ACTLVL (nafasi za kazi zinazokimbia kwa wakati mmoja) kwanza, halafu:

CHGSBSD SBSD(QBATCH) POOLS((1 *BASE) (2 *SHRPOOL1))
CHGRTGE SBSD(QBATCH) SEQNBR(9999) POOLID(2)

Wengi husahau mstari wa pili, unaozielekeza kazi kwenye puli hiyo, kisha wanashangaa puli mpya haina kazi hata moja. Funga QBATCH, iwashe tena. Usitengeneze puli binafsi ndani ya sabsistimu, maana QPFRADJ haizigusi.

Uyole_i: Asanteni. Na kama bosi anang'ang'ania mkono?

Njombe_Power: Basi iwe 0 kweli. Ukipanga kwa mkono huku ni 2, mfumo utavuruga namba zako baada ya dakika chache, na umeme ukikatika utazipanga upya wakati wa IPL (mashine kuwaka upya). Andika programu mbili za CL (lugha ya amri ya IBM i) zenye CHGSHRPOOL, ya mchana na ya usiku, uzipangie saa kwa ADDJOBSCDE (amri ya ratiba ya kazi). Saa 1 asubuhi yetu ni SCDTIME('07:00:00'), angalia usije ukaandika 01. *BASE haipangiwi ukubwa hapo, inabeba kinachobaki.

Kihesa400: Kabla ya yote pima. Fungua WRKSYSSTS (skrini ya hali ya mfumo), F10 kufuta hesabu za zamani, subiri dakika 5, kisha F5. Folti (kurasa zilizokosekana kwenye memori zikasomwa diskini) zikiwa juu *INTERACT, tatizo ni memori. Folti zikiwa chache lakini Wait-Inel (kazi zinazotoka kusubiri na kukosa nafasi ya kukimbia) inapanda, puli ina nafasi chache za kazi: ongeza ACTLVL, usiongeze memori. PAGING(*CALC) (mfumo kuamua wenyewe jinsi puli inavyosoma data diskini) unaweza kuiacha hata QPFRADJ ikiwa 0, hizo ni kazi mbili tofauti.