Maprofesa wa ughaibuni, undugu wenu unaisha pale data zinapopatikana?

Wakuu, leo asubuhi nimetumiwa makala na rafiki yangu, nimeisoma nikashindwa hata kumaliza chai. Utafiti ni wetu. Tuliufanya Mabwepande, pembezoni mwa Dar, na bonde la Msimbazi, kwa watu waliohamishwa Jangwani na maeneo ya jirani baada ya mafuriko ya Desemba 2011. Juu ya makala kuna majina mawili: profesa Mtanzania anayefundisha Marekani, na mwanafunzi wake wa huko huko ambaye hajawahi kukanyaga Dar. Sisi tumewekwa mwishoni kabisa, kwenye shukrani: "wasaidizi wa utafiti, Dar es Salaam". Hata kutajwa majina hatukustahili.

Mimi ni mhadhiri, PhD ninayo, si msaidizi wa mtu. Dodoso niliandika mimi. Wazo la kuwatafuta waliopewa viwanja Mabwepande kisha wakarudi bondeni lilikuwa langu, kwa sababu sisi tunaoishi huku tunajua kuwa mtu aliyezoea kuuza samaki wa kukaanga Kariakoo huwezi kumpeleka mwisho wa jiji, nauli imle faida yote, halafu ushangae akirudi kule kule kwenye maji. Kwenye mpango wa awali wa profesa watu hao hawakuwemo. Sasa ndio kiini cha makala, na inaitwa "mchango mpya" wa waandishi.

Ilivyoanza ni hivi. Alinitumia ujumbe wa sauti WhatsApp, usiku. Nikamwamkia shikamoo kama kaka yangu. "Mdogo wangu, tuinue nyumbani. Pesa kidogo ninayo huku, wewe una watu. Tushirikiane." Nikamwomba tuandikiane makubaliano: nani anaandika nini, data zinakaa wapi, majina yanapangwaje. Jibu lake ninalo mpaka leo kwenye simu: "Mambo ya mikataba ni ya Wazungu. Sisi ni ndugu."

Hapo ndipo penye uzi wenyewe. Mzungu akitaka kufanya utafiti Tanzania anaomba kibali COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, anataja mtafiti mwenza wa hapa nchini, anafuatilia kibali cha ukaazi daraja C, na akishamaliza anadaiwa ripoti. Anaweza kuwa na tabia mbaya, lakini kuna karatasi ya kumbana. Huyu wetu alisema hana haja ya kuhangaika na COSTECH, barua ya chuo chetu itatosha, yeye ni mtoto wa nyumbani. Ni mimi niliyebeba barua ile kutoka chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo kwenda wilayani, wilayani kwenda kwa mtendaji wa kata, kata kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Kila ofisi njoo kesho. Kila ofisi jina lililoandikwa kwenye daftari la wageni, na saini, ni vya kwangu.

Dunia imeanza kuamka kuhusu unyonyaji huu. Mwaka 2022 jarida la Nature lilitangaza kuwa linawahimiza waandishi waeleze watafiti wa mahali utafiti ulipofanyika walishiriki vipi. Mwaka huo huo kulikuwa na mkutano wa dunia wa uadilifu katika utafiti kule Cape Town, ukazaa tamko kuhusu haki kwenye ushirikiano. Mazuri sana hayo. Lakini yote yanamwangalia mgeni kutoka nje. Mhariri akiona jina la ukoo la Kitanzania juu ya makala anaridhika: Mwafrika yumo. Haulizi yuko wapi, mshahara analipwa na nani, na waliotembea mitaani ni akina nani. Kwa hiyo msomi wetu wa ughaibuni anapita milango miwili. Huku anapita kama ndugu, kule anapita kama sauti ya Afrika. Sisi tunabaki nje ya yote miwili.

Na kuna ujanja kwenye suala la majina ambao vijana wa uzamili mnapaswa kuujua mapema. Majarida mengi yanafuata vigezo vinne vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, vya nani aitwe mwandishi: uwe umechangia kwa kiasi kikubwa kwenye kubuni utafiti, au kupata data, au kuzichambua, uwe umeandika au kupitia rasimu, uwe umeidhinisha toleo la mwisho, na uwe tayari kuwajibika. Mtu akitaka kukutoa anafanya jambo dogo tu: hakutumii rasimu. Baadaye anasema, "Hukushiriki kuandika, kwa hiyo hukidhi vigezo." Hivyo ndivyo nilivyojibiwa mimi kwa barua pepe leo hii. Profesa, mwongozo huo huo unasema wazi kuwa aliyetimiza kigezo cha kwanza anapaswa apewe nafasi ya kushiriki kwenye rasimu na kuidhinisha. Umesoma nusu ya ukurasa inayokufaa.

Halafu rekodi. Vijana wangu wa shahada ya uzamili walikesha na vipokea sauti masikioni wakihamisha mahojiano kwenye maandishi, mama analia anasimulia mtoto aliyechukuliwa na maji, unasimamisha, unarudisha, unasikiliza tena. Sauti hizo, na majina ya watu na mitaa yao, zilipandishwa Google Drive yake kwa maelezo kuwa ni "nakala ya akiba". Sasa akaunti imefungwa, sisi hatuingii. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi kuna masharti yake. Wale kina mama waliridhia kuzungumza na mimi. Hakuna aliyeambiwa sauti yake itahamia Marekani.

Mwenyekiti wa mtaa kule Mabwepande amenipigia mara kadhaa. "Mwalimu, ile ripoti mliyotuahidi iko wapi?" Nimwambie nini? Makala imefungwa, inataka ilipiwe kwa dola, na maktaba yetu haina usajili wa jarida hilo. Nikirudi pale na dodoso jingine nani atanifungulia mlango? Profesa hana shida hiyo. Yeye hakutani nao kwenye daladala.

Viongozi wetu wa vyuo nanyi mna lenu. Akija mtu wa diaspora mnatandika zulia, mnapiga naye picha, mnaandika "ushirikiano wa kimataifa" kwenye taarifa ya mwaka, kisha mhadhiri wenu akiuliza kuhusu mkataba mnamwambia asiwaudhi wageni. Wakati huo huo kamati zenu zinanipandisha cheo kwa machapisho, na mnaangalia jina langu liko la ngapi. Shukrani haina alama hata moja. Wapo pia wenzetu wanaouza jina kama mtafiti mwenza kwa posho, bila kuugusa utafiti. Hao ndio wamewazoesha hawa ndugu kuona sisi wote tuna bei.

Sisemi wote wa nje ni hivyo. Najua presha ya kule ya kuchapisha ni kubwa, na nimefanya kazi na wengine waliotuma rasimu kuanzia ukurasa wa kwanza. Kuna mpango wa Carnegie, shirika la ufadhili la Marekani, ulioanza mwaka 2013, umewaleta wasomi waliozaliwa Afrika wanaofanya kazi Marekani na Kanada kwa siku 14 hadi 90 kwenye vyuo vya nchi sita, Tanzania ikiwemo. Pale chuo cha huku ndicho kinachoandika kwanza kinahitaji nini. Nani kaanzisha, nani kaomba, vyote viko kwenye karatasi. Undugu haujavunjika kwa sababu ya karatasi.

Kesho namwandikia mhariri wa jarida. Nitaambatanisha rasimu za dodoso zenye tarehe, fomu za ridhaa na ule ujumbe wa "sisi ni ndugu", nikitaka orodha ya waandishi isahihishwe, na vijana wangu watajwe kwa majina yao kamili.

Ninachoomba humu: mwenye makubaliano yaliyowahi kufanya kazi kati ya chuo cha hapa na msomi wa nje, aweke kifungu cha majina na kifungu cha umiliki wa data, afute jina la chuo. Na wanasheria, nisaidieni: kwa zile rekodi, malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi napeleka mimi, au lazima wapeleke wenyewe waliorekodiwa?