Tovuti kubwa inataka kuchapisha upya makala zangu, nifanyeje nisifunikwe Google?

Kalamu_Mwanzi
Wakuu, salaam. Naomba ushauri kwa wanaoelewa mambo ya injini za utafutaji.

Nina tovuti yenye makala 40 hivi, kila moja kati ya maneno 900 na 1,500. Tovuti nyingine, kubwa kuliko yangu mara nyingi, inaomba kuzichapisha upya nzimanzima. Wataacha jina langu na kuweka linki ya kurudi kwangu. Wasomaji wao nawataka, ila sitaki mtu akitafuta makala yangu akutane na wao badala yangu.

Je, Google inaadhibu makala iliyojirudia? Yangu ikitangulia kutoka, si itahesabiwa ndiyo ya asili? Niwaombe waweke nini hasa kwenye kurasa zao? Na nikiziweka mwenyewe Medium na LinkedIn, hali ni ileile?

Nawasilisha.

FundiTovuti
Mkuu, adhabu hakuna. Google walilitolea ufafanuzi tangu 2008: maandishi kuonekana sehemu mbili si kosa, labda nia iwe kuhadaa. Kinachofanyika ni kwamba kurasa zinazofanana huwekwa fungu moja, mmoja ukateuliwa kuliwakilisha fungu lote (huo ndio ukurasa wa kanoniki), na mingine haionyeshwi. Hofu yako iwe kutoteuliwa. Ukurasa uliofichwa, maonyesho yake (mara unazotokea kwenye matokeo) yanaanguka karibu na sifuri, ndiyo maana wengi hudhani wameadhibiwa na kuanza kufuta makala zao wenyewe, jambo linalozidi kuharibu.

Swali lako la pili ndilo linaloponza watu. Kutangulia hakutoshi. Uteuzi hutazama ishara nyingi kwa pamoja: linki zinazoelekea kila ukurasa, anwani iliyoorodheshwa kwenye ramani ya tovuti (faili linaloorodhesha kurasa zake), HTTPS, lebo ya kanoniki (mstari wa msimbo unaotaja anwani ipi ndiyo ya asili), na kadhalika. Isitoshe, tovuti kubwa hutembelewa na roboti wa Google (programu inayosoma kurasa) mara kwa mara, ndogo inaweza kukaa siku kadhaa bila kutembelewa. Ukichapisha asubuhi na wao wakachapisha mchana, nakala yao inaweza kusomwa kabla ya yako.

Kwa hiyo usikabidhi makala yoyote kabla Search Console (zana ya Google kwa wenye tovuti) haijakuonyesha kwamba anwani yako imeshaindeksiwa, yaani imeingia kwenye orodha ya Google. Bandika anwani kwenye kisanduku cha ukaguzi kilicho juu, usome jibu. Hapo umeondoa tatizo la kutanguliwa. Uzito wa tovuti yao bado uko palepale.

Nukta_Pacha
Dawa ya huo uzito ni lebo ya kanoniki. Google, Yahoo na Microsoft waliitangaza pamoja Februari 2009, na mwishoni mwa mwaka huohuo Google wakaikubali hata kati ya tovuti mbili tofauti. Kwenye kichwa cha ukurasa wao waweke mstari huu, anwani ikiwa ya makala yako husika:

`<link rel="canonical" href="https://tovuti-yako/makala-husika/">`

Iwe anwani kamili, ikiwa na https, www kama unaitumia, na mkwaju wa mwisho kama upo. Wasielekeze ukurasa wako wa mwanzo, hilo ni kosa la kila siku.

Mpima_Kurasa
Naomba nimrekebishe Nukta_Pacha kidogo, maana ushauri huo ulikuwa sahihi kabisa hadi 2023. Mwaka huo Google walibadilisha mwongozo wao: kwa makala zinazochapishwa upya kwa washirika, hawashauri tena kutegemea kanoniki. Kanoniki ni ombi, Google inaweza kulipuuza. Na inalipuuza mara nyingi katika hali hii hasa, kwa sababu ukurasa wa mshirika una menyu yake, matangazo yake, makala zake jirani na maoni ya wasomaji wake, hivyo ukilinganishwa mzima kwa mzima hauonekani kuwa nakala ya wako.

Wanachoshauri sasa ni mshirika azuie ukurasa wake usiindeksiwe:

`<meta name="robots" content="noindex">`

Hii ni amri. Ukurasa unaendelea kusomwa na wageni wa tovuti hiyo, linki yake inabofyeka, unasambazwa mitandaoni kama kawaida, ila kwenye matokeo ya utafutaji haupo.

Mtego mkubwa uko hapa: mafundi wengi wakisikia "zuia" wanakimbilia faili la robots.txt, linalowaambia roboti wasiingie wapi. Wakiufunga ukurasa huko, roboti haingii, na asipoingia hawezi kuiona hiyo noindex. Anwani inaweza kuendelea kuonekana kwenye matokeo bila maelezo chini yake. Mlango uachwe wazi, amri iwe ndani. Na wasiweke noindex pamoja na kanoniki kwenye ukurasa mmoja. Moja inasema ukurasa huu uondolewe, nyingine inasema ni sawa na ule wa kwako. Unampa roboti kauli mbili zinazopingana.

Kalamu_Mwanzi
Asanteni sana. Nimewapelekea. Noindex wamekataa, wanasema nao wanategemea wageni kutoka Google. Kanoniki wamekubali, na makala moja imeshawekwa kwa majaribio. Leo ni wiki ya tatu. Nikikagua anwani yangu, kanoniki niliyoitangaza ni yangu, lakini iliyoteuliwa na Google ni ya kwao. Tatizo liko wapi?

FundiTovuti
Fungua ukurasa wao kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+U upate msimbo wake, kisha Ctrl+F utafute neno canonical. Hesabu zimetokea ngapi.

Zikiwa mbili, umeshapata jibu. Mifumo mingi ya kuchapishia, kwa mfano WordPress yenye plagini ya Yoast, huweka kanoniki ya ukurasa kujielekeza wenyewe bila kuulizwa. Mhariri akibandika ya kwako kwa mkono, zinakuwa mbili zinazogombana, na kuna hatari zote zikapuuzwa. Yoast ina sehemu yake chini ya eneo la kuhariria, kwenye mipangilio ya ziada. Anwani yako iandikwe hapo ili ichukue nafasi ya ile ya kwanza. Isibandikwe kwingine kokote.

Ikiwa ni moja na inaelekea kwako, tazama ilipo. Lazima iwe ndani ya `head`. Kama juu yake kuna picha au iframe (fremu ya ukurasa mwingine) iliyochomekwa na msimbo wa matangazo au wa kuhesabu wageni, kisomaji huchukulia kichwa kimeishia hapo, na lebo yako inahesabika iko mwilini, haina kazi. Kosa hili halionekani kwa macho ukurasa ukifunguka. Angalia pia kama lebo ipo kwenye Ctrl+U au inatokea tu baada ya JavaScript kukimbia. Ya namna hii ya pili inaweza kufanya kazi, ila si ya kuiegemea.

Usisahau upande wako. Anwani yako iwe kwenye ramani ya tovuti, ijielekeze yenyewe, na makala zako nyingine angalau mbili tatu ziiunganishe kwa linki. Makala iliyokaa peke yake kwako huku kwao ikiunganishwa na kurasa nyingi inawapa wao ishara ambazo ungepaswa kuzipata wewe.

Wakisharekebisha, waombe wao waiwasilishe upya anwani yao kwenye Search Console yao. Wewe huna ruhusa ya kufanya hivyo kwa tovuti isiyo yako. Mabadiliko yanaweza kuchukua siku au wiki kadhaa.

Mpima_Kurasa
Hayo yote ni sahihi, ila hata wakirekebisha, Google bado inaweza kuwateua wao. Ningekuwa mshauri wako ningeacha kubishana kuhusu lebo, nikachagua makala za kuwapa.

Ingia ripoti ya utendaji ya Search Console, panua muda hadi miezi 16 (ndiyo mwisho wake), panga kurasa kwa mibofyo. Zile zinazokuletea watu kutoka Google usizitoe nzima kwa mtu yeyote asiyekubali noindex. Wape zile ambazo hazipati mibofyo ya utafutaji kabisa. Wakizitawala hujapoteza kitu, na wasomaji wao unawapata.

Kwa zile zenye mibofyo kuna njia mbili. Wape aya mbili za mwanzo, maneno 150 au 200, na linki ya "endelea kusoma". Au waandikie toleo lingine la mada ileile, lenye pembe tofauti, mifano tofauti na kichwa tofauti. Kubadilisha maneno mawili matatu kwenye kila sentensi si toleo lingine, na kunakula muda bure.

Linki ya kurudi kwako iwe juu, ndani ya sentensi ya kwanza au mara tu baada ya kichwa, na ielekee makala yenyewe.

Nukta_Pacha
Nimekubali marekebisho, asante Mpima_Kurasa.

Kuhusu Medium na LinkedIn: Medium tumia chombo chao cha kuingiza makala kwa anwani, kanoniki ya kwako inajiweka yenyewe. Ukinakili na kubandika kwa mkono haijiwekei, inabidi uingie mipangilio ya makala, sehemu ya mipangilio ya kina (Advanced), uijaze. DEV (tovuti ya makala za waandishi wa programu) nao wana uga wa `canonical_url`. LinkedIn haina pa kuiweka, kwa hiyo pale weka muhtasari na linki, makala nzima ibaki kwako.

Na kwenye makubaliano na hao wakubwa andika waziwazi kwamba hawaruhusiwi kuipeleka makala mbele. Tovuti kubwa mara nyingi zina fidi ya RSS inayolisha programu na tovuti nyingine. Unaweza kukubaliana na mmoja ukajikuta na nakala tano, nne kati ya hizo bila lebo yoyote. Weka pia haki ya kuiondoa makala ndani ya siku 7 ukiomba.

Kalamu_Mwanzi
Nimewaelewa. Nitawapa 12 zisizo na mibofyo kwanza. Wamesema wakiona faida watafikiria noindex kwa zilizobaki. Wakikubali, nitajuaje kama hawajaitoa baadaye kimyakimya?

FundiTovuti
Chukua sentensi ya maneno 10 hadi 15 kutoka katikati ya makala, isiwe ya mwanzo, itafute ikiwa ndani ya alama za kunukuu. Fanya hivyo kila mwezi. Anwani yao ikitokea, noindex haipo. Njia hiyohiyo inakufichulia walionakili bila ruhusa. Hao wajazie fomu ya Google ya kuondoa maudhui kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani, DMCA, ya 1998. Fomu hiyo usiitumie kwa mshirika uliyempa ruhusa mwenyewe.

Tena, ukikagua msimbo usione noindex usiwalaumu haraka. Inaweza kutumwa na seva bila kuandikwa kwenye ukurasa. Tumia `curl -I` (amri ya kuandikwa kwenye dirisha la amri la kompyuta) pamoja na anwani yao, utafute mstari wa `X-Robots-Tag: noindex`. Kama huna curl, bonyeza F12, nenda kichupo cha mtandao, pakia ukurasa upya, bofya ombi la kwanza na usome vichwa vya majibu.