Mrejesho: ule mradi wetu wa usalama wa waendesha baiskeli

Wakuu nimerudi. Niliuliza tutajuaje kama kampeni yetu ya mtaa inapunguza ajali kweli au tunagawa helmeti na kupiga picha tu, wengi mkanambia nihesabu kabla sijaanza, na hapo ndo mchezo wote ulipo.

Tulikaa kwenye makutano na karatasi, tunatiki: kavaa helmeti, mkanda umefungwa au unaning'inia, taa ipo, anapita upande gani. Jamani mikanda inayoning'inia ni mingi balaa, na kwenye ripoti ya ugawaji wote hao wangehesabika mafanikio! Tukahesabu na barabara isiyo na mradi, saa zilezile, maana ajali zikipanda sana mwaka mmoja mara nyingi mwaka unaofuata zinashuka zenyewe halafu mradi unajisifia bure. Na ajali tunaziangalia kwa idadi ya waendeshaji, sababu watu wakiongezeka ajali zinaweza kupanda kidogo huku hatari ya kila mmoja ikipungua, mtafiti Peter Jacobsen aliliandika hilo 2003.

Matokeo: taa zimepanda vizuri, helmeti kidogo, mwendo wa magari uko palepale. Sishangai, semina ya baiskeli haimpunguzii dereva mwendo. Kwahiyo hela iliyokuwa ya fulana za kampeni sasa inaenda kwenye matuta ya barabarani yenye upenyo pembeni wa baiskeli kupita, na tumeomba kikomo cha kilomita 30 kwa saa, barua bado haijajibiwa.