Bonge la sponji linapasuka na katikati lina kahawia: fomula ya Dar imegoma Mbeya

Sponji_Iyunga

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa kitaalamu kuhusu magodoro. Tunamwaga kwa boksi, si mashine ya mkanda. Boksi lina mita 2 kwa mita 1.9. Fomula ilikuwa inatumika Dar es Salaam bila shida, sasa mitambo iko Mbeya na kila kitu kimebadilika.

Mchanganyiko wa bonge moja: polioli, yaani malighafi kuu ya majimaji, kilo 55 (namba ya hidroksili, kipimo cha uwezo wake wa kuungana na TDI, ni 56), maji kilo 2.2, silikoni gramu 550, amini gramu 140, kichocheo cha bati gramu 110. TDI, ile kemikali inayoungana na polioli na maji kuwa sponji, ilikuwa kilo 28.6. Baada ya kuona sponji la huku ni laini na jepesi, tumepandisha TDI hadi kilo 32.

Matatizo ni matatu. Povu linapanda hadi kupita mita 1 halafu linapasuka ubavuni, nyufa za kulala. Densiti imeshuka, Dar ilikuwa kilo 24 kwa mita ya ujazo, huku inasoma 20. Na tangu TDI iongezwe, ukikata bonge unakuta kiini kina rangi ya kahawia. Mabonge tunayapanga mawili mawili baada ya saa mbili maana banda ni dogo. Asubuhi kuna baridi kali. Tuanzie wapi?

Polioli56

Mkuu, kabla ya lolote: acheni kupandanisha mabonge leo hii, na TDI irudi chini leo hii. Hiyo kahawia ya katikati ni sponji lililoanza kuungua kwa ndani. Bonge kubwa linaendelea kupanda joto baada ya kumaliza kuumuka. Kiini kinaweza kufika nyuzi 150 na zaidi, na sponji lenyewe ni kama blanketi, joto halina pa kutokea. Ukiweka bonge jingine juu yake unafunga hata ile njia ndogo iliyobaki. Mabanda ya magodoro huwaka usiku namna hiyo, watu wameshaenda nyumbani.

Sasa hesabu, maana ndiyo itakayokuonyesha kosa. Kila kilo 1 ya maji inakula TDI kilo 9.67. Kila kilo 100 za polioli yenye hidroksili 56 zinakula TDI kilo 8.7. Kwa fomula yako: maji 2.2 mara 9.67 ni 21.3, polioli 55 inakula 4.8, jumla 26.1. Hiyo ndiyo TDI inayohitajika kikamilifu, tunaiita indeksi 100. Dar mlikuwa na 28.6, sawa na indeksi 110, iko vizuri. Mlipoweka 32 mmefika 123. Ile ya ziada haina maji wala polioli ya kuungana nayo, inatafuta pa kushika humo humo ndani na kuongeza joto kwenye kiini. Ukifikicha kipande cha pale katikati kwa vidole utaona kinamomonyoka kama mkate mkavu.

Msichanganye na njano ya nje. Ngozi ya bonge ikiwa ya njano kwa kupigwa na mwanga au moshi wa gari, hiyo ni rangi tu, nguvu ya sponji ni ileile. Kuungua kunaanzia kiini na kufifia kuelekea nje.

Kuhusu wepesi: Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Mgandamizo wa hewa huko ni kama asilimia 83 ya ule wa pwani. Maji yakikutana na TDI yanatoa hewa ukaa, na hewa hiyo ndiyo inayoumua povu. Kiasi kilekile cha hewa kikiwa juu mlimani kinatanuka zaidi, karibu asilimia 20. Kwa hiyo gramu zilezile za maji zinakupa bonge refu na jepesi. Densiti ya 24 kuwa 20 ndiyo hesabu hiyo hiyo, hakuna aliyewaibia kwenye mapipa.

Dawa yake ni kupunguza maji. 2.2 mara 0.83 inakupa kilo 1.8. TDI mpya: 1.8 mara 9.67 ni 17.4, ongeza 4.8 ya polioli, 22.2. Kwa indeksi 110 ni kilo 24.4. Bonge litapata takribani kilo 77 na nusu, na kwa boksi lako litasimama kama sentimita 85 likiwa na densiti 24.

Fundi Mapipa

Naunga mkono hesabu ya Polioli56. Niongeze upande wa baridi, maana huko Mbeya mwezi Juni na Julai asubuhi inashuka chini ya nyuzi 10.

TDI ya 80/20 inaanza kuganda kwenye nyuzi 14 hivi. Tatizo si ugumu wa kuimimina tu. Inapoganda, aina moja ya TDI inatangulia kuwa fuwele na nyingine inabaki kwenye maji maji. Ukichota ile iliyobaki juu, uwiano si 80 kwa 20 tena, na bonge la kwanza na la mwisho la pipa lilelile yatatofautiana bila nyinyi kujua sababu. Pipa likiganda, liyeyusheni lote kwenye chumba cha joto la nyuzi 35 hadi 40, kisha livingirisheni mpaka lichanganyike, ndipo mchote. Msiweke moto chini ya pipa, wala mkaa, wala jiko. Joto la sehemu moja linaharibu TDI na kujaza mgandamizo ndani.

Siku ya kumwaga, polioli na TDI vyote viwe nyuzi 22 hadi 25. Kipimajoto kiingie ndani ya pipa, msipime hewa ya banda. Polioli ni nzito na inashika baridi ya usiku hadi saa nne, saa tano asubuhi.

Sasa mpasuko. Naomba jibu moja: unatokea sekunde ya ngapi, na kichocheo cha bati kopo lake lilifunguliwa lini?

Sponji_Iyunga

Asanteni sana, mabonge tumeshayatenganisha. Mpasuko unatokea sekunde ya 80 hadi 90, povu bado linapanda. Kopo la bati lilifunguliwa Dar, lina miezi kadhaa, na chini kuna utando mweupe. Bati tunalichanganya pamoja na maji na amini kwenye ndoo moja asubuhi, tunatumia kutwa nzima.

Fundi Mapipa

Hapo ndipo penyewe. Kichocheo hicho cha bati hakipatani na maji wala hewa. Kikiwa kizima ni majimaji ya njano hafifu yanayopitisha mwanga. Utando mweupe maana yake kimeshaharibika. Na kukilaza kwenye maji na amini kutwa nzima ni kukiua kabisa: bonge la saa tatu linapata bati, bonge la saa nane linapata jina la bati.

Kazi mbili zinakwenda pamoja ndani ya boksi. Amini inasukuma hewa itoke, bati linakaza utomvu, yaani mchanganyiko wenyewe, uwe na nguvu ya kushika hewa hiyo. Hewa ikitangulia na utomvu haujakaza, kuta za vijitundu zinachanika na unapata nyufa za kulala kama zako. Na ninyi hewa yenu ilikuwa imeshaongezeka kwa mwinuko, huku bati ni dhaifu na baridi imelichelewesha. Lazima lipasuke.

Utaratibu wa kuchanganya uwe hivi. Polioli, silikoni, maji na amini vikorogwe pamoja kama dakika moja. Bati lipimwe peke yake na liingie sekunde 15 kabla ya TDI. TDI iingie mwisho, kwa mkupuo, ikorogwe sekunde 5 hadi 7, kisha mmwage. Rangi inageuka kama maziwa karibu sekunde ya 10, bonge linafika kileleni kati ya sekunde 90 na 120. Pale juu mtaona vipovu vidogo vikipasuka na mvuke kutoka kote kwa pamoja, ni kama bonge limeshusha pumzi. Ikitokea hivyo, vijitundu vimefunguka vizuri.

Tafadhali, bati jipya likija msilipandishe kwa pupa. Rekebisheni maji, TDI na joto kwanza, gramu za bati zibaki 110. Jaribuni kwenye ndoo, polioli kilo 1 na vingine kwa uwiano. Likiendelea kupasuka ndipo mwongeze gramu 10 kwa bonge, mara moja moja. Bati likizidi, bonge linapanda zuri, halipumui, halafu usiku linanywea na mbavu zinaingia ndani. Ukilikamua linarudi kama puto, hewa haitoki. Bonge lililonywea halirekebishiki, linaishia kusagwa.

Mama Densiti

Naona hakuna aliyegusia watu wanaosimama hapo kwenye boksi. TDI inashambulia mapafu. Mtu anaweza kuvuta kidogo kidogo kwa miezi bila shida, siku moja mwili unaikataa, na tangu hapo hata harufu ndogo inambana kifua kama pumu. Hali hiyo haiponi, mtu huyo harudi tena kwenye kumwaga. Na ukishaisikia harufu, kiwango kimeshapita kinachoruhusiwa. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haisaidii chochote hapa. Inatakiwa ile ya mpira yenye kichujio cha mvuke wa kemikali, glovu, miwani, na feni inayovuta hewa kutoka juu ya boksi kwenda nje.

Ikimwagika, mwageni mchanga au vumbi la mbao, kisha maji yenye magadi soda na sabuni. Takataka hizo ziwekwe kwenye chombo kilicho wazi, nje. Mkifunga kifuniko, TDI na maji vinaendelea kutoa hewa ukaa ndani na chombo kinapasuka. Vilevile pipa la TDI lililoingiwa na maji ya mvua lisifungwe kwa nguvu.

Kuhusu mabonge: kila moja lisimame peke yake saa 24, pengo la nusu mita pande zote, banda liwe na upepo, na mlinzi azunguke usiku. Bonge likianza kutoa moshi, mtu asilikate kuangalia ndani. Kisu kikipita, hewa inaingia kwenye kiini na moto unalipuka. Moshi wake una sumu ya sianidi. Watu watoke, bonge lililopo karibu na mlango litolewe nje kama bado inawezekana, na maji mengi yapigwe kutoka mbali.

Polioli56

Umefanya vema kuyasema, Mama Densiti.

Mkuu, jambo la mwisho kwenye fomula mpya. Maji yakipungua, sponji linakuwa laini kidogo hata kama densiti imerudi 24, kwa sababu ugumu mwingi unatokana na maji yaliyoungana na TDI. Wateja wakilalamika, indeksi inaweza kufika 112. Msivuke hapo. Njia nzuri zaidi ni kubadilisha sehemu ya polioli, mathalani kilo 10 kati ya 55, kwa ile polioli nyeupe yenye chembe za plastiki ndani. Ni ghali, ila inakaza bila kuchoma kiini. Hidroksili yake huwa tofauti, kwa hiyo rudieni hesabu ya TDI kwa namba iliyoandikwa kwenye cheti cha pipa.

Na atakuja mtu kuwashauri unga wa chokaa. Ukiweka kilo 10 kwenye mchanganyiko huu, bonge la kilo 77.6 linakuwa 87.6, densiti inasoma 27, mnunuzi anafurahi akibeba. Sponji lenyewe ni lilelile la 24 na sasa linachanika haraka kwenye mishono. Mizani haiwezi kuonyesha hilo, maabara ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) ikichoma kipande inaona majivu. Anayelala juu yake atabonyea ndani ya mwaka.

Msumeno

Mimi ni upande wa kukata. Kupima densiti msihangaike: kateni mchemraba wa sentimita 10 kila upande kutoka kiinini, mwingine karibu na ngozi, pimeni kwa mizani ya gramu. Gramu zake ndizo kilo kwa mita ya ujazo, 24 ni 24. Vikitofautiana kwa zaidi ya 2, huenda mkorogo haukukolea.

Kwa bonge la sentimita 85, toeni 2 na nusu za chini, ngozi nzito, na kama 5 za juu penye kichuguu. Zinabaki 77 na nusu. Hapo mnapata magodoro matano ya inchi 6, au matatu ya inchi 8 na moja la inchi 6, na karibu hakuna masalia. Likisimama sentimita 80 tu mnapoteza moja zima, ndiyo maana urefu wa bonge unapangwa kwenye maji na siyo kwenye msumeno. Kupunguza kichuguu, wekeni kifuniko chepesi cha mbao chenye karatasi chini yake, kielee juu ya povu linapopanda.

Kwa upana, boksi lenu linafaa futi 6 kwa 6, au futi 3 na nusu pamoja na 2 na nusu kutoka bonge moja. Futi 5 kwa 6 inawaachia ubao wa karibu nusu mita kila bonge. Huo usitupwe: ukisagwa na kugandishwa kwa gundi na mvuke unatoa sponji zito la kuweka chini ya godoro. Ila vipande vyenye kahawia visiingie humo, vinageuka unga ndani ya foronya.